Kabla ya kuuliza kwa nini nodi ile imekuwa kubwa

Wanafunzi wanaonijia na tasnifu za mitandao, yaani nukta (nodi) zilizounganishwa kwa viungo, huwa na swali lilelile: kwa nini nodi hii moja imenyakua viungo vyote? Wengine wameshaandika sura nzima ya majibu. Mimi huwaambia sura hiyo ikae pembeni kwanza, watafute maharage.

Tia kwenye bakuli harage moja jekundu na moja jeupe. Fumba macho, chomoa moja, lirudishe pamoja na jingine la rangi hiyohiyo. Endelea mpaka yafike 100. Ukiniambia mekundu ni 83 sitashangaa, na ukirudia yakawa 12 sitashangaa pia: kila idadi, kuanzia 1 hadi 99, ina uwezekano ulio sawa kabisa. Ndio mchezo wa Eggenberger na Pólya wa mwaka 1923. Hakuna rangi iliyokuwa bora. Lakini ukitazama mchezo mmoja tu, utaona uwiano ukitulia taratibu kana kwamba ulipangwa tangu mwanzo, na hapo ndipo sura zile za majibu huzaliwa.

Mitandao inayojijenga yenyewe ina tabia hiyo. Derek de Solla Price aliiandikia hesabu mwaka 1976 akifikiria makala za kisayansi zinavyonukuliwa. Barabási na Albert wakaja nayo upya mwaka 1999, safari hii wakitazama wavuti. Nodi mpya hupendelea kujiunga na zenye viungo vingi. Mwenye nacho huongezewa.

Ukitaka kuiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, usihangaike kukokotoa uwezekano wa kila nodi. Weka orodha moja. Kila kiungo kikizaliwa, andika humo majina ya nodi zake zote mbili. Nodi mpya ikija, chota jina lolote humo kwa bahati nasibu. Nodi yenye viungo 40 imeandikwa mara 40, kwa hiyo upendeleo umeshajipanga wenyewe. Mistari kumi ya programu inatosha, na utaelewa zaidi kuliko ukiita maktaba ya programu iliyokwisha kuandikwa na wengine.

Sasa kuza mtandao wa nodi 1,000, kila mpya ikiingia na viungo 2. Pembeni yake tengeneza wa Erdős na Rényi wenye idadi hiyohiyo ya nodi na viungo, vilivyotupwa ovyo. Katika huu wa pili, hata nodi tajiri kuliko zote huishia kwenye viungo 12 hivi. Katika ule unaokua, mara nyingi inapita 50. Kisha rudia, ukibadilisha kila mara mbegu ya namba nasibu, yaani namba inayoanzisha bahati nasibu ya kompyuta. Mara moja haikuambii kitu, mara mia mbili zinaanza kusema.

Angalia pia umri. Katika modeli hii viungo vya nodi hukua, kwa wastani, kwa kipeuo cha pili cha muda: iliyoingia mtandao ukiwa na nodi 100 itakuwa na mara kumi ya viungo ilivyoanza navyo mtandao ukifika 10,000. Basi kabla hujaandika neno "ubora", panga nodi zako kwa tarehe ya kuingia. Zipo zinazokaidi: Google ilianza 1998, ilhali AltaVista, injini nyingine ya kutafutia wavutini, ilikuwapo tangu 1995. Kwa hizo, modeli ya Bianconi na Barabási ya mwaka 2001, inayoipa kila nodi mvuto wake, ina kazi ya kufanya.

Mimi na ule mstari ulionyooka kwenye grafu ya logi kwa logi (mihimili yote miwili ikiwa ya logarithimu), unaochorwa kuthibitisha sheria ya kipeo, yaani kwamba idadi ya nodi hupungua kwa kipeo cha idadi ya viungo vyake, hatuelewani. Karibu kila kitu kinanyooka humo ukikitazama kwa mbali. Broido na Clauset walipopima karibu mitandao 1,000, kazi iliyochapishwa 2019, ni asilimia 4 tu iliyokuwa na ushahidi wa nguvu wa sheria ya kipeo. Msimamizi akikung'ang'ania uuweke, uweke, ila pembeni yake chora na mkunjo wa log-normali, mgawanyo mwingine wenye mkia mrefu, kwa data hizohizo.