Maswali yenu: Charles I, Bunge na vita vya karatasi

Tangu nigusie habari za Mfalme Charles I wa Uingereza, aliyepigana vita na Bunge lake miaka ya 1640 na kushindwa, maswali hayajakatika. Tuanze na haya manne.

Bunge liliwezaje kupigana na mfalme huku likidai kumtii?

Kwa ujanja wa maneno. Mwaka 1642 lilitangaza kwamba linapigania mfalme na Bunge kwa pamoja, ili kumnasua mfalme kwa washauri wabaya. Basi askari aliweza kulifyatulia risasi jeshi la mfalme na bado akajihesabu raia mwema.

Je, serikali haikudhibiti uchapaji?

Ilidhibiti, tena kwa kisu. Mwanasheria William Prynne alikatwa masikio mwaka 1634 kwa maandishi yake. Mwaka 1637 wakarudi kumalizia vipande vilivyobaki. Bunge lilipoifuta Star Chamber, mahakama ya mfalme iliyotoa adhabu hizo, mwaka 1641, wachapaji wakafunguka. Muuza vitabu wa London, George Thomason, alikusanya vijitabu na magazeti yapatayo 22,000 kati ya 1640 na 1661.

Mfalme naye alinyamaza tu?

Wapi! Kuanzia Januari 1643 watu wake walichapa gazeti la kila wiki mjini Oxford, Mercurius Aulicus, likapenyezwa London kwa siri. Kwa kejeli, naona liliwazidi wapinzani. Bunge likajibu mwaka huohuo kwa Mercurius Britanicus.

Ni pigo gani la propaganda lililomuumiza zaidi?

Barua zake mwenyewe. Juni 1645, baada ya mapigano ya Naseby, jeshi la Bunge liliteka shehena ya nyaraka za mfalme, zikiwemo barua kwa mkewe Mkatoliki, Henrietta Maria. Humo alikuwa tayari kuwaondolea Wakatoliki sheria za kuwabana, mradi apate msaada wa vita. Na huyu ndiye aliyekuwa akiapa hadharani kuilinda imani ya Kiprotestanti! Bunge halikuhitaji kutunga uongo: lilichagua barua, likazisomesha mbele ya watu London, kisha Julai likazichapa pamoja na maelezo ya kumsimanga mume anayeongozwa na mkewe. Wafuasi wa mfalme walilalamika kwamba kuanika siri za mume na mke ni utovu wa adabu. Kwamba mwandiko si wake, hilo lilikuwa gumu kulisema.

Lakini alipokatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649, kitabu cha sala na tafakuri kilichotolewa kwa jina lake kilichapwa zaidi ya mara thelathini mwaka huohuo. Bunge likiwa na jeshi na hazina, lilimpa mshairi John Milton kazi ya kukijibu. Jibu lake halikupata wasomaji wengi hivyo.