Wasomaji Wauliza: Dozi ya Nyongeza, Mwalimu Achanje Lini?

Mwezi huu barua nyingi zilizonifikia zimetoka kwenye ofisi za walimu, zikiuliza wachanje lini dozi ya nyongeza ya korona. Nimechoma sindano za chanjo kwa miaka 26, na nimeolewa na mwalimu, kwa hiyo swali hili naliishi pande zote mbili. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu wengi mmeuliza jambo hilo hilo.

*Shikamoo Mama Muuguzi. Mimi ni mwalimu wa Hisabati, nina miaka 53, na nimeishi na kisukari miaka 9 sasa. Darasa langu lina wanafunzi 64. Dozi yangu ya mwisho ya chanjo ya korona niliipata miezi 14 iliyopita, na shule zinafunguliwa baada ya wiki 5. Mwenzangu wa meza ya jirani ananishauri nisubiri wimbi lianze ili kinga iwe mbichi. Mwingine anasema nisubiri chanjo mpya itakayotoka. Nimechoka kusubiri, ila naogopa kuchanja wakati usiofaa nikapoteza dozi bure. Nichanje lini?*
*Mwalimu wa Hisabati*

Marahaba, mwalimu. Chanja wiki hii, au ijayo ikibidi. Jibu ni hilo, na sasa nikueleze nimelipataje.

Nilianza na mwili wako kabla ya kutazama kalenda ya shule. Mwaka 2020, chanjo zilipokuwa bado hazitoshi, Shirika la Afya Duniani liliwaweka walimu miongoni mwa watu wa kutangulizwa, na Desemba mwaka huo UNESCO pamoja na shirikisho la vyama vya walimu duniani, Education International, wakapaza sauti kuwaombea walimu nafasi hiyo. Ilikuwa haki. Miezi michache kabla, Aprili, wanafunzi zaidi ya bilioni moja walikuwa nyumbani kwa sababu shule zilifungwa. Lakini mambo yamebadilika. Machi 2023 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipanga upya foleni, na ukiacha wahudumu wa afya walio mstari wa mbele, kinachokuweka mbele sasa ni umri wako, maradhi uliyonayo, ujauzito, au kinga iliyodhoofika. Wewe una kisukari, na umri wako unaelekea kule ambako korona hulaza watu hospitalini. Watu wa kundi lako hushauriwa dozi ya nyongeza miezi 6 hadi 12 baada ya ile iliyotangulia, kutegemea umri na hali ya afya. Wewe umeshapita 12. Kwa mwili wako muda umeshafika, hata kama ungekuwa fundi cherehani.

Sasa ndipo tunafungua kalenda. Dozi ya nyongeza haifanyi kazi siku ile ile. Mwili unahitaji kama wiki 2 kuzalisha kingamwili za kutosha, na hizo hubaki juu kwa miezi michache kisha huanza kushuka. Zinaposhuka, unaweza kuambukizwa tena kwa urahisi zaidi. Hata hivyo zipo seli za kumbukumbu, ambazo zilishakutana na adui huyu na hazimsahau upesi. Ndiyo maana kinga dhidi ya ugonjwa mkali hudumu muda mrefu kuliko kinga dhidi ya mafua na homa za korona. Piga hesabu mwenyewe, mwalimu: ukichanja wiki hii, siku unayoingia darasani kwa wanafunzi 64 kinga yako itakuwa imesimama, na utakuwa nayo katika miezi ile ya mwanzo ambapo kila mtoto anarudi na alichookota likizoni.

Ushauri wa kusubiri wimbi naupinga kwa nguvu zote. Wimbi halipigi hodi. Tunalijua wakati wanafunzi wa dawati la nyuma wameanza kukohoa na walimu wawili hawapo mistarini. Ukienda kuchanja siku hiyo, bado una wiki 2 za kungoja kinga ipande, nawe umesimama mbele ya darasa ukipaza sauti saa nzima. Kirusi cha korona cha aina ya Omicron kilipewa jina hilo tarehe 26 Novemba 2021, na mwaka mpya ulipoingia kilikuwa kimeshazishika nchi nyingi. Aliyesubiri akione kwanza, kilimkuta kwenye foleni.

Kusubiri chanjo mpya nako kuna mpaka wake. Ni kweli chanjo zimekuwa zikirekebishwa kufuata virusi vinavyobadilika: mwaka 2022, tena 2023, tena 2024. Uliza kituo chako swali moja tu: chanjo mpya imeshapangiwa tarehe ya kufika? Wakikuambia inaingia ndani ya siku kumi, ngoja, muda unao. Wakikuambia "labda baadaye", nyoosha mkono upewe iliyopo. Hakuna dozi inayopotea kwa sababu nyingine itakuja.

Limebaki suala la siku ya wiki, na hapa nakusihi unisikilize, kwa sababu limetukuta nyumbani. Mwaka 2022 mume wangu alichanja jioni, na kesho yake asubuhi alikuwa msimamizi wa mitihani. Nilikuwa kazini, sikujua. Saa tatu usiku homa ikampanda, akatetemeka hadi kitanda kikawa kinagongana na ukuta. Asubuhi homa ilikuwa imeshuka, akaenda. Sindano alichomwa mkono wa kulia, mkono anaoandikia. Alipotaka kuandika ubaoni saa ya kuanza na saa ya kumaliza mtihani, mkono ulikataa kupita usawa wa kifua. Akaandika pale pale chini, na watahiniwa wa nyuma wakawa wanasimama mmoja mmoja ili waone saa. Kesho yake hakuwa na kitu, mkono unazunguka kama kawaida. Lakini siku ile moja ilimuuma, na wale watoto walistahili msimamizi mzima.

Kwa hiyo: chagua siku ambayo siku 2 zinazofuata huna kipindi, huna zamu, huna mtihani. Wewe uko likizo, siku yoyote inakufaa. Muhula ukishaanza, Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho ndiyo siku ya mwalimu. Mwambie anayechoma kwamba unaandikia mkono gani, achome ule mwingine. Kaa pale kituoni dakika 15 baada ya sindano, usikimbilie usafiri. Muda huo upo kwa ajili ya mzio wa ghafla, ambao ni nadra sana lakini hutibika ukitokea mbele ya muuguzi. Usimeze paracetamol kabla ya sindano kwa nia ya kuzuia maumivu. Meza baadaye, homa au maumivu yakija. Na kwa kuwa una kisukari, pima sukari mara nyingi zaidi siku hizo 2, maana homa inaweza kuipandisha, na usiache dawa zako.

Jambo moja walimu wengi hulichanganya. Mkono kuuma, uchovu, kichwa, homa, baridi, hata tezi kuvimba kwapani, hayo yanaweza kuwa ya chanjo, na mengi huisha ndani ya siku 1 hadi 3. Kikohozi, makamasi, kupotewa na harufu si vya chanjo. Ukiviona, usiseme "ni sindano tu" ukaingia darasani. Umeshaambukizwa na kitu kingine, pima.

*Mama Muuguzi, habari za kazi. Nafundisha darasa la kwanza na nina ujauzito wa miezi 5. Dozi yangu ya mwisho ilikuwa kabla sijabeba mimba. Mama mkwe anasema nisubiri nijifungue, nisimchome mtoto sindano asiyoiomba. Nampenda, sitaki kubishana naye. Nifanyeje?*
*Mwalimu wa Darasa la Kwanza*

Nzuri, mwanangu, na hongera. Mama mkwe wako anamtetea mjukuu, nami pia namtetea huyo huyo. Mwambie hivi, kwa upole: kingamwili unazotengeneza hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Akizaliwa, hawezi kuchanjwa korona kabla ya kufikisha miezi 6. Miezi hiyo yote kinga aliyonayo ni ile aliyopewa na mama yake. Ukisubiri ujifungue, unamnyima.

Chanjo hizi hazina kirusi hai, hazimwambukizi mama wala mtoto, na zinaweza kutolewa katika mwezi wowote wa ujauzito. Korona yenyewe ndiyo yenye madhara kwa mjamzito: huongeza uwezekano wa kulazwa na wa kujifungua kabla ya wakati. Nimewahi kumshika mkono mama wa miezi 7 aliyekuwa akihema kwa shida, mwalimu kama wewe, huku anauliza kama mtoto anapata hewa. Sitaki uulize swali hilo. Ongea na mkunga wako kwenye kliniki yako ijayo, uchanje. Homa ikija, usiivumilie. Paracetamol inaruhusiwa kwa mjamzito, na homa ya mjamzito haiachwi ikajiishia yenyewe.

*Shikamoo. Nina miaka 27, mwalimu wa Michezo, sina ugonjwa wowote. Nimeshapata dozi 3, na mwezi uliopita niliugua korona, nikapima na kuthibitisha. Wenzangu wananisukuma nikachanje tena kabla ya muhula. Naishi na baba anayetibiwa saratani kwa dawa za dripu. Pia nimesikia chanjo inaathiri moyo wa vijana.*
*Mwalimu wa Michezo*

Marahaba. Wenzako wana nia njema, lakini kwako wewe hakuna haraka. Ugonjwa wenyewe umeuamsha mwili kama dozi ingefanya, na aliyetoka kuugua anaweza kusogeza chanjo hadi miezi 3 tangu dalili zilipoanza. Zaidi ya hapo, kijana mzima mwenye dozi zake za msingi na ya nyongeza hayumo katika kundi ambalo Shirika la Afya Duniani linasisitiza lirudie tena na tena. Ukitaka, na utaratibu wa afya wa mahali ulipo unaruhusu, si kosa.

Kuhusu moyo, ulichosikia kipo, na sikufichi. Baada ya chanjo za aina ya mRNA, kama za Pfizer na Moderna, vijana wachache, hasa wanaume wa chini ya miaka 30, walipata uvimbe wa misuli ya moyo ndani ya siku chache, mara nyingi baada ya dozi ya pili. Ni nadra, na wengi walipona. Korona nayo huleta uvimbe huo huo. Ukichanja kisha kifua kikauma, moyo ukaenda mbio au pumzi ikakata ndani ya wiki moja, usikimbie uwanjani kujipima. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ila barua yako, mwanangu, kwangu ni ya baba. Dozi yako inaweza kupunguza uwezekano wa kumpelekea ugonjwa kwa miezi michache tu. Dozi yake yeye inagusa uhai wake. Umeniandikia dozi zako zote na hukuandika hata moja ya baba. Waulize madaktari wake wa saratani achanjwe lini kati ya dripu moja na nyingine, kwa sababu dawa zile hushusha kinga na siku ya kuchanja huchaguliwa ili mwili uweze kuitikia. Usimpeleke popote bila wao kusema. Nawe ukirudi kutoka shule una kikohozi, vaa barakoa ndani ya nyumba na fungua madirisha ya chumba chake.

*Mama Muuguzi, mimi ni mwalimu mkuu, nina walimu 22. Kituo cha afya kimekubali kuleta wauguzi shuleni kwa siku moja. Niwapange wote Jumatano asubuhi, tumalize?*
*Mwalimu Mkuu*

Mwalimu Mkuu, umefanya jambo jema kuwaleta wauguzi mlangoni, maana wapo wanaoacha chanjo kwa sababu tu kituo hufungwa kabla kengele ya mwisho haijalia. Lakini Jumatano asubuhi hapana. Alhamisi unaweza kukuta walimu 6 wana homa na madarasa hayana mtu. Omba Ijumaa mchana. Wakikubali kuja mara mbili, gawa makundi mawili, wiki 2 tofauti, na usiwaweke walimu wawili wa somo moja kundi moja, wala walimu wa zamu ya Jumatatu.

Usibandike orodha ya majina ofisini. Yumo atakayeahirisha kwa sababu ya ujauzito ambao hajautangaza, na yumo mwenye dawa ambazo hajamwambia mtu. Toa chumba chenye mlango unaofungwa, muuguzi azungumze na kila mmoja faraghani kuhusu umri, maradhi na tarehe ya dozi ya mwisho, kisha mwalimu aamue mwenyewe. Waambie mapema waje na kadi zao za chanjo. Na andaa viti 10 kwenye kivuli nje ya chumba hicho, kwa zile dakika 15.