Maswali ya wasomaji: ngazi ya darini kwenye nyumba ya mirathi

SWALI: Asalaam alaykum fundi wetu. Nyumba yetu iko Mji Mkongwe hapa Unguja, ya babu mzaa baba, ya mawe, ghorofa mbili alafu juu kuna dari ndo yaja mabati. Sasa ile ngazi ya kupandia darini imechoka vibaya, vipandio vya katikati vimezama, chokaa inadondoka kila mtu akipita na ukiingia chini yake unaona boriti mbili zimeshaliwa na wadudu. Nimepima mwenyewe, kutoka sakafu mpaka darini ni mita 2.9, vipandio 12, na pa kuweka mguu ni sentimita 22 tu. Bibi alishaacha kupanda zamani. Ndugu wamegawanyika, wengine wanasema tupige saruji juu yake basi, mwengine anataka tuvunje yote tuweke ya chuma. Hela ipo kidogo. Tuanzie wapi?
Msomaji, Unguja

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu, na hongera kwa kupima kabla ya kuuliza maana wengi wanaleta picha tu.

Anzia juu, hiyo ngazi usianze kuitengeneza kwanza. Siku mvua inanyesha hasa chukua tochi upande darini ukaangalie maji yanaingilia wapi, kwa sababu boriti za mkandaa, aina ya mkoko, zikikaa kavu zinadumu miaka na miaka, zikirowa ndo mchwa na ukungu wanapata pa kuanzia. Na nyumba nyingi za hapo mjini zilijengwa na paa bapa la chokaa, ngazi ilikuwa inatokeza juu kweupe watu wanaanika vitu wanapunga upepo, baadae paa likawa linavuja kila masika na kulipiga chokaa upya ni gharama, watu wakaweka kenchi, yaani fremu ya mbao ya kubebea paa, na mabati juu yake. Hapo katikati ndo pakawa darini. Kwa hiyo bati likitoboka au mfereji wa paa ukiziba maji hayadondoki sebuleni ukayaona, yanatua kwenye lile paa la zamani yanatembea polepole mpaka kwenye tundu la ngazi, yanashuka na ukuta, yanaingia kwenye vichwa vya boriti. Wewe unaona kipandio kimezama kumbe ugonjwa uko mita tatu juu yake. Ukitengeneza ngazi leo bati likabaki vile vile utarudi kunilaumu.

Bati likishatulia sasa kagua boriti. Chukua bisibisi uchokoe pale boriti inapoingia ukutani, sio katikati, maana ncha ya ndani ya ukuta ndo inaoza mwanzo na ndo yenye kubeba. Ikizama kirahisi hiyo boriti imekwisha hata kama nje inang'aa. Gonga pia usikilize, iliyo nzima inalia kavu, iliyoliwa inalia tupu. Angalia na vijia vya udongo vya mchwa ukutani, ukivikuta usivifute ukafikiri umemaliza, tafuta vinatokea wapi.

Sasa hii saruji. Naomba kwa dhati msiipige. Ukuta wenu ni mawe ya matumbawe na chokaa na udongo, unavuta unyevu na kuutoa kila siku. Saruji ni ngumu na inaziba, unyevu ukikosa pa kutokea unakwenda kwenye mbao, na ile chumvi iliyomo ukutani inasukuma mpaka plasta inabanduka vipande vipande na jiwe la watu limo ndani yake. Alafu uzito, sentimita 5 tu za zege kila mita ya mraba ni zaidi ya kilo 100, unaziweka juu ya boriti ambazo umeniambia mwenyewe zimeliwa! Mtakuwa mmeificha hatari mkaiongezea mzigo.

Chuma nacho sikipingi kwa kila nyumba ila hapo pwani kutu haina huruma, na kuvunja ngazi ya mawe ni hatari kuliko watu wanavyodhani kwa sababu imeshikana na ukuta, pengine ndo inayouegemeza. Sote tunakumbuka tarehe 25 Disemba 2020, Beit al-Ajaib, lile jumba la kifalme hapo Mji Mkongwe la tangu 1883, upande mmoja uliporomoka likiwa kwenye matengenezo na watu wawili wakafariki. Nyumba za mawe zikiguswa ovyo zinajibu. Kwa hiyo fundi akija akaanza kupiga nyundo bila kuegemeza kwa mirunda imara kutoka chini, mwambie ashuke.

Kazi yenyewe nnavyoiona mimi ni hivi, mnaegemeza ngazi yote, mnatoa boriti moja mbovu mnaweka nyengine, mnaifungia vizuri na mawe na chokaa, ndo mnakwenda ya pili. Moja moja, hata kama fundi ana haraka. Boriti mpya isiwe mbichi, na kama ni ya mkoko iwe imekatwa kwa kibali, watu siku hizi wanaweka mvinje kwa kuwa unapatikana lakini mchwa wanaupenda kupita kiasi, kwa ngazi afadhali mbao ya mvule au mkongo iliyochongwa hata ikigharimu zaidi maana ni boriti mbili tu sio nyumba nzima. Zipake dawa ya mchwa kabla hazijaingia, hasa kwenye ncha na msisahau glavu. Oili chafu ya gari msipake, haizami ndani, inanuka nyumba nzima na inashika moto haraka.

Chokaa itayarisheni mapema kabla hata ya kumuita fundi, izimwe ikae kwenye maji wiki kadhaa, ikikaa zaidi ndo inalainika zaidi. Sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, na mchanga uwe wa shimoni uliooshwa, sio wa ufukweni una chumvi. Roweshani mawe kwanza, pigeni tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ifunikwe na gunia la maji isikauke kwa pupa ikapasuka. Msifanye masika. Na kwenye ukingo wa kila kipandio rudishieni ule ubao wa mbele kama zamani, ndo unaolinda chokaa isimegwe na viatu.

Kuhusu wima wake, mahesabu yako yanaonesha kila kipandio kina kimo kama sentimita 24. Mafundi wanachukua kimo mara mbili wanajumlisha na pa kukanyagia, ikija 60 mpaka 64 mguu unapanda bila kufikiri. Yako inakuja 70, ndo maana bibi kaacha. Mtu atakwambia ongeza viwe 14, ni kweli itakuwa laini kidogo lakini ngazi ikilala zaidi na tundu la juu likabaki vile vile, kichwa kitagonga paa, itabidi tundu lirefushwe kama nusu mita na hiyo ni kukata boriti nzima za paa. Kwa ngazi ya darini siipendekezi. Acheni wima wake ila vipandio vyote viwe sawa sawa kabisa, kimoja kikizidi hata sentimita mbili ndo hicho kitaangusha mtu, na muweke vishikio pande zote mbili, kimo cha sentimita 90. Vitu vya bibi vilivyoko darini vishusheni, asipande yeye.

Na kabla ya yote hayo nendeni Mamlaka ya Mji Mkongwe mkaombe kibali, hata kama kazi iko ndani, na muombe mtu wao aje aone. Makubaliano ya ndugu andikeni, nani katoa ngapi, nyumba ya mirathi bila karatasi inazaa maneno.

SWALI: Kaka fundi mie niko Muscat, nyumba yetu ipo Malindi hapo hapo mjini, fundi kanitumia bei ya kuvunja ngazi ya juu na kumwaga zege, anasema siku nne tu kamaliza. Nimtumie pesa?
Dada wa Muscat

JIBU: Usitume dada. Soma hayo ya juu kuhusu zege, na hizo siku nne ndo zinanitisha zaidi kwa sababu chokaa haiendi mbio hivyo. Muulize ngazi imeharibika kwa nini, akishindwa kukujibu habari ya maji huyo anauza zege. Tafuta aliyewahi kufanya nyumba za chokaa, ndugu yako mmoja aende akaone kazi yake ya zamani kwa macho, sio picha. Ulipe kwa vipande na kila kipande kikaguliwe kabla hakijafunikwa, video ipigwe boriti zikiwa wazi.

SWALI: Tunataka kusafisha darini ili ngazi itengenezwe, lakini kumejaa popo na kinyesi chao miaka mingi. Tufagie tu?
Kijana, Shangani

JIBU: Usifagie kikavu, vumbi lake linaweza kuwa na vimelea vya kuharibu mapafu. Vaa barakoa nzuri na glavu, nyunyiza maji kwanza kinyesi kilowane, uchote kwa koleo uweke kwenye mifuko ufunge. Popo wenyewe usiwaue, wanakula mbu na wadudu wengine. Ngoja jioni watoke wote ndo uzibe mianya, na kama kuna watoto ambao hawajaruka subiri wakue, ukiziba nao ndani watakufa humo na harufu hiyo hutaipenda. Tundu moja acha la mwisho, lining'inizie wavu upande wa nje, uubane juu na ubavuni, chini uwe wazi, aliyebaki ndani atajipenyeza atoke ila kurudi hawezi. Siku chache zikipita kimya, ziba na hilo umwite fundi wa ngazi.