Maswali na majibu: Piga hesabu kabla hujafika kwa keshia

Barua za safari hii karibu zote zinalia na jambo moja: fedha inaisha kabla ya mwezi, na wanaoandika si watu wa anasa. Wananunua sabuni, mafuta, unga na dawa. Kabla sijajibu, niseme ninaposimama, maana utanisikia nikirudi hapo mara kwa mara. Bei iliyobandikwa kwenye rafu haijakwambia bado kitu kimekugharimu kiasi gani. Utakijua siku kitakapokwisha, ukiangalia ulitumia kiasi gani na ulitupa kiasi gani.

Swali: Siku zote nachukua pakiti kubwa ya sabuni ya unga kwa kuamini kubwa ndiyo nafuu. Mwenzangu anasema nadanganyika. Nani yuko sahihi?

Jibu: Mara nyingi ni wewe. Lakini si kila mara, na pale unapokosea hakuna anayekushtua. Chukua bei, gawanya kwa idadi ya gramu, zidisha kwa 100. Hapo umepata bei ya gramu 100, na pakiti zote sasa zinapimika kwa mizani moja. Tuseme pakiti ya gramu 400 inauzwa 200 na ya gramu 900 inauzwa 495, kwa fedha ya nchi yoyote ile. Ndogo inakugharimu 50 kwa kila gramu 100, kubwa inakugharimu 55. Aliyebeba kubwa ametoka dukani akiwa na furaha, na amelipa zaidi. Simu yako ina kikokotoo. Kazi hiyo haizidi nusu dakika.

Kwa sabuni ya kufulia, uzito peke yake hautoshi. Zipo sabuni kali ambazo kipimo kidogo kinafua ndoo nzima ya nguo, na zipo nyepesi zinazotaka vikombe viwili. Soma nyuma ya pakiti inafua mara ngapi, ugawanye bei kwa idadi hiyo.

Halafu kuna hili linaloniudhi kwa dhati: pakiti ileile, rangi ileile, bei ileile, ila ndani gramu zimepungua. Macho yetu yanakumbuka bei, hayakumbuki uzito, na wenye viwanda wanalijua hilo. Ufaransa imelivalia njuga: tangu tarehe 1 Julai 2024, maduka yenye ukubwa wa zaidi ya mita za mraba 400 yanatakiwa kubandika tangazo karibu na bidhaa ambayo ujazo wake umepunguzwa huku bei ya kila kipimo, yaani ya kilo au lita, ikipanda. Pasipo sheria kama hiyo, mlinzi ni wewe. Mimi situpi mfuko uliokwisha mpaka nimeshika mpya mkononi na kulinganisha namba mbili zilizoandikwa pale chini kwa herufi ndogo.

Swali: Nikiona "punguzo la asilimia 50" miguu inaniishia. Nikifika nyumbani najiuliza kama kweli nimeokoa kitu. Nitajuaje punguzo la kweli?

Jibu: Kinachokushika si bei mpya, ni ile ya zamani iliyopigwa mstari. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio lililonifungua macho. Walizungusha gurudumu la namba mbele ya watu, likatengenezwa lisimame kwenye 10 au 65. Kisha wakawauliza ni asilimia ngapi ya nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa ziko Afrika. Walioona 10, makisio yao ya kati yalikuwa 25. Walioona 65, yalikuwa 45. Namba isiyohusiana kabisa na swali iliwavuta. Sasa fikiria namba iliyoandikwa kwa makusudi juu ya kitu unachokitamani.

Kwa hiyo ifunike kwa kidole ile bei ya zamani, ujiulize: kama ningekikuta kitu hiki leo kwa bei hii, bila tangazo lolote, ningekinunua? Kama hapana, kiache. Umoja wa Ulaya ulizitaka nchi wanachama, kuanzia Mei 2022, zihakikishe kuwa anayetangaza punguzo anaonyesha bei ya chini kabisa aliyouzia katika siku 30 zilizotangulia. Wewe unaweza kujitungia sheria hiyohiyo. Orodhesha vitu kumi unavyonunua kila mwezi, andika bei zake kila unapopita, na baada ya wiki chache hakuna tangazo litakalokuchezea.

Na angalia hesabu zenyewe. Asilimia 20 kisha "asilimia 10 ya ziada" haifanyi 30. Inafanya 28, kwa sababu ile 10 inakatwa kwenye bei iliyokwisha pungua. "Nunua mbili, ya tatu bure" ni theluthi moja tu ya punguzo, tena ukiwa utavitumia vyote vitatu.

Swali: Bidhaa zilizokaribia tarehe huuzwa kwa bei ya chini sana. Naogopa kuilisha familia sumu. Je, ninunue?

Jibu: Tofautisha tarehe mbili. Iliyoandikwa "tumia kabla ya" inahusu usalama: nyama, samaki, maziwa mabichi na vyakula vingine vinavyoharibika upesi. Ikishapita, usile hata kama harufu haijabadilika, kwa kuwa vijidudu vingine vinavyodhuru havitoi harufu wala ladha. Iliyoandikwa "bora kabla ya" inahusu ubora: biskuti huenda ikalainika kidogo, majani ya chai yatapoteza harufu kidogo. Chakula kikavu au cha kopo kilichohifadhiwa vizuri kwa kawaida bado kinafaa baada ya hapo, alimradi kopo halijavimba, halijatoboka wala kupata kutu nzito. Maziwa ya unga ya watoto wachanga usiyaguse tarehe ikipita, hata ukipewa bure.

Kwa hiyo nunua, lakini nunua kinachotosha kuliwa leo na kesho, au kinachoweza kugandishwa leo hii. Hapa ndipo wengi tunapopoteza tulichookoa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula katika nyumba, migahawa na maduka. Tani milioni 631 kati ya hizo zilitoka majumbani. Si viwandani: ni jikoni kwetu. Kitu ulichokipata kwa nusu bei kisha ukatupa nusu yake, umekinunua kwa bei kamili.

Swali: Naingia dukani na orodha ya vitu vitano, natoka na kumi na viwili. Nifanyeje?

Jibu: Kula kwanza. Halafu beba kikapu cha mkononi, uache toroli mlangoni. Toroli lililetwa na Sylvan Goldman, mwenye maduka huko Oklahoma City, mwaka 1937, baada ya kuona wateja wanaacha kununua pindi kikapu kinapolemea mkono. Uzito ule ulikuwa unawasaidia. Urudishe.

Swali: Duka la mtandaoni linaniruhusu kuchukua bidhaa sasa na kulipa kwa awamu nne bila riba. Kuna ubaya?

Jibu: Kwa kitu kinachodumu kuliko deni lake, kama jiko, na kama awamu zote nne umeshaziona kwenye kipato chako, hakuna ubaya mkubwa. Kwa chakula na nguo za sikukuu, nakusihi usifanye. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na awamu ya nne hufika kitu chenyewe kimeshasahaulika. Soma faini ya kuchelewa kabla ya kubonyeza. "Bila riba" haimaanishi bila gharama.

Swali: Mfamasia alinipa dawa yenye jina nisilolijua, bei yake chini kabisa ya ile niliyoandikiwa. Niliikataa. Nilikosea?

Jibu: Huenda ulilipa zaidi bure. Kampuni iliyogundua dawa huuza kwa jina lake. Haki zake zikiisha, wengine huruhusiwa kuitengeneza. Wakiidhinishwa na mamlaka ya dawa, wanakuwa wameonyesha kuwa ya kwao ina kiambato kilekile, kwa kiasi kilekile, na inafanya kazi mwilini kwa namna ileile. Linganisha jina la kiambato, lile refu lililoandikwa chini ya jina la biashara, pamoja na miligramu zake. Ila kwa dawa za kifafa na za kuzuia damu kuganda, usibadilishe bila daktari wako kujua. Na usinunue dawa mahali pasiposajiliwa kwa sababu tu ni rahisi.

Swali: Nalipwa kwa siku. Makala zote zinasema "nunua kwa jumla", lakini mimi nina fedha ya leo tu. Nanunua mafuta ya kupimiwa na sabuni ya kukatiwa kipande. Najua nalipa zaidi. Nina watoto watatu. Je, hakuna ushauri wa watu kama mimi?

Jibu: Barua yako nimeisoma mara kadhaa, dada yangu. Kwanza, usikubali kuambiwa hujui kutumia fedha. Unajua kwa kuwa unaigawa kila jioni. Unalipa zaidi kwa sababu huna akiba ya kuanzia, na aliye nacho ananunua gunia kwa bei ya kilo iliyo chini kuliko yako. Huo ni uonevu wa hesabu, nao hauondoki kwa kuhimizwa ujibane.

Unaweza kuanza na kitu kimoja tu. Usijaribu vyote. Chagua kisichooza na kisichoweza kumalizwa na mtoto mwenye njaa usiku, sabuni inafaa. Weka kando kiasi kidogo kila siku unayolipwa vizuri mpaka upate bei ya mche mzima. Ukishaununua, kila siku ambayo hununui kipande, ile fedha ya kipande iweke kando vilevile. Mche ukiisha utakuwa na fedha ya mche mwingine, na kidogo kimebaki juu. Hicho kilichobaki ndicho mtaji wa kitu cha pili.

Njia ya pili ni majirani. Watu wanne wakichangia dumu moja la mafuta na kugawana kwa kipimo kimoja mbele ya wote, kila mmoja anapata bei ya jumla kwa robo ya fedha. Pimeni siku hiyohiyo, andikeni nani katoa nini. Urafiki mwingi umevunjika kwa kikombe cha mafuta kisichoandikwa. Anza na jirani mmoja unayemwamini, usingoje wanne.

Mche wa kwanza ukiisha, niandikie tena. Nataka kujua ulichukua siku ngapi.