Jibu: Mtoto wa miaka 11 anayeficha dawa

Dada, umeuliza ufanyeje na mwanao wa miaka 11 aliyeanza kuficha vidonge vya ARV (dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, yaani VVU) baada ya kuvimeza vizuri kwa miaka mingi. Kabla ya kumkemea, jiulize kama anajua anatibiwa nini, kwa sababu mtoto anayeambiwa kila siku kwamba dawa ni ya kifua, ilhali kifua hakimsumbui, lazima atachoka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2011, linashauri watoto wa umri wa kwenda shule waambiwe kwamba wana VVU, na walio wadogo zaidi waelezwe hatua kwa hatua. Mwombe mshauri nasaha akae nanyi. Muuguzi naye umweleze ukweli kuhusu dozi zilizorukwa, ili mtoto apimwe wingi wa virusi mapema.