Hiyo "had better" usiitume, nakuomba

Weye ulouliza kutoka Chake Chake, Pemba, nimeona maswali yako matatu: lini "have gone" na lini "went", "used to" inatumikaje, na misemo gani ukariri ili uandikiane vizuri na wageni unaotaka kuwapeleka kisiwa cha Misali. Sawa. Lakini mie nimekwama pale ulipobandika meseji unayotaka kuituma kesho, "Dear guest, you had better send the deposit before Sunday." Usiitume. Hayo mengine tutayaona mbele.

Mie nshaituma hiyo. Karibu neno kwa neno.

Ilikuwa 2017, ndo kwanza nimeacha kubeba mabegi ya watu bandarini nikaanza kutembeza wageni kwa mkono wangu mwenyewe, nikapata kundi la Waingereza wanane, familia moja, siku tano nzima, msitu wa Jozani wakaone kima punju, kisiwa cha Changuu kwa makobe, mashamba ya viungo, halafu siku mbili kisiwa cha Mnemba. Furaha hiyo, nikamkimbilia nahodha kule Matemwe nikampa arubuni laki mbili kutoka mfukoni mwangu, maana boti nzuri haikungoji. Wageni wenyewe arubuni yao hawajatuma. Basi nikaandika kwa adabu zangu zote, "Madam, you had better pay the deposit before Friday."

Kwa adabu! Kwa sababu ticha wangu wa tuisheni, Mungu amsamehe mie bado, alitwambia Kiingereza adabu yake iko kwenye past, yaani wakati uliopita. "Can" ya sokoni, "could" ya ofisini. "Will" ya barazani, "would" ya kwa waziri. Hapo alikuwa sawa kabisa, ndo maana tukamuamini. Kisha akaandika ubaoni HAD BETTER = AFADHALI, akasema "had" ni past, kwa hiyo hii ndo adabu ya juu kuliko zote. Nikainakili kwa kalamu nyekundu na mistari miwili chini. Daftari ninalo mpaka leo, nalihifadhi kama ushahidi.

Mama wa watu akajibu kwa sentensi moja, "Is that a threat?" Mie niko kwenye daladala la Bububu, nimebanwa baina ya mtu na tenga la kuku, jua limepiga kwenye kioo cha simu, nikasoma "treat". Treat naijua, ofa hiyo! Nikasema kumbe kafurahi. Nikajibu chap chap, "Yes madam, special for you and your family," na kikatuni cha kukonyeza jicho.

Cheka. Mie mwenyewe sikuhizi nacheka.

Yeye kauliza kama namtishia, mie nimemjibu ndio, tena wewe na familia yako, tena nimemkonyeza. Tiki zikawa buluu, kimya. Asubuhi meneja wa hoteli waliyopanga kufikia ananipigia, ananiuliza kwa upole wa kutisha, "Kijana, umewaambia nini hawa watu?" Kundi likaondoka, hoteli haikunipa mgeni hata mmoja msimu ule mzima, na nahodha nilipomfata kanambia arubuni hairudi, bahari haijui Kiingereza.

Na hata hapo sikuelewa kosa lipo wapi, nikadhani ni hiyo "treat" tu. Nimekuja kuelewa mwaka wa pili, tunavuka kwenda Changuu, kuna kitoto cha kizungu kimesimama kwenye ukingo wa boti, mama yake hakupiga kelele, kamtolea macho tu akasema "You'd better sit down." Hiyo "had" kaimeza yote imebaki "d" tu. Kitoto kikakaa pale pale. Nikasema lo! Kumbe hii siyo afadhali. Hii ni "kaa chini, shauri yako". Ndani yake mna "ama sivyo" ambayo haitamkwi. Afadhali yetu mtu unamwambia hata babaako, "afadhali upumzike baba", lakini hiyo "had better" anayo askari, anayo mama kwa mwanawe, siyo weye kwa mtu unayeitaka pesa yake. Wala siyo past ya kitu chochote, sura yake tu ndo ya jana, maana yake ni sasa hivi na baadae, na kitendo kinachofata hakichukui "to".

Kwa hiyo hizo orodha za misemo mia unazotaka kukariri ziweke pembeni. Msemo ambao hujamuona uso mtu alokuwa anautamka usimtumie mgeni. Uelewe tu ukiusikia, lakini kinywani mwako usiutie. Orodha inakupa maana, haikupi yale macho.

Andika hivi, "Could you please send the deposit by Sunday, so that I can book the boat?" Basi. Na ukitaka kumshauri avae kofia, sema "You might want to bring a hat," hiyo inamuachia mwenyewe aamue.

Hayo ya "have gone" na "went", kwa ufupi tu maana naitwa chakula, usifasiri "-me-" kila pahala kwa "have". Sisi tunasema "mgeni amefika jana" na hakuna anayeshtuka, wao hiyo "yesterday" haikai na "has arrived", ni "arrived yesterday". Na "amelala" usiseme "he has slept", yuko usingizini, "he is asleep". Nayo pia sikuipata kwenye jadweli lolote, nimeisikia kwa mtu wa mapokezi hotelini akimjibu mtu kwenye simu.

"Used to" nkumbushe kesho.

Na hiyo meseji, kama mkono ulishakuponyoka ukaituma, ifute sasa hivi kabla tiki hazijawa buluu.