Buti za jeshi, risasi ya shimoni na sanduku la hati

Shikamoo. Sokoni Kongowea, hapa Mombasa, nimeona buti za jeshi za mtumba, za zamani lakini hazijavaliwa hata siku moja. Nichukue? (Kijana, Nyali)

Marahaba mwanangu. Huko kutovaliwa ndiko kunakonitia shaka. Buti nyingi za majeshi ya Ulaya zina soli za poliurethani, na soli hiyo huchakaa hata ikiwa ndani ya boksi: unyevu wa hewa huila kutoka ndani miaka ikipita, na joto huongeza kasi. Hewa yetu ya pwani unaijua mwenyewe. Basi likunje buti mbele ya muuzaji, kisha bonyeza ukucha pale soli inapokutana na ngozi. Ukucha ukizama, au zikidondoka chenga kama mkate wa juzi, mrudishie na usijadili bei. Tafuta soli ya raba iliyoshonwa. Ikiisha, fundi atakuwekea nyingine.

Na jaketi la mabakamabaka je?

Liache. Raia kuvaa sare ya jeshi bila idhini ni kosa hapa Kenya, na polisi hatakuuliza ulinunua mtumba wapi. Mkoba wa turubai wa rangi moja watosha.

Tulipochimba msingi tumepata risasi yenye kutu ya kijani. Mwanangu ataka kuisafisha aivae shingoni. (Baba, Likoni)

Mzuie leo hii. Ule ukijani ni wa ganda la shaba tu. Baruti ndani huenda ingali hai, na kitako kikigongwa au risasi ikipashwa moto yaweza kulipuka hata bila bunduki, vipande vya ganda vikaruka usoni. Tena kuwa na risasi, hata moja, bila cheti ni kosa. Msiiguse, wekeni alama, watoto wakae mbali, mpige 999 au 112 waje kuichukua wenyewe. Kuipeleka kituoni mfukoni, juu ya bodaboda? Hapana, ndugu yangu.

Nina cheti cha bastola. Naruhusiwa akiba ya risasi kiasi gani?

Soma cheti chako; idadi imeandikwa humo. Zifungie mahali pakavu, si ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Mimi silaha sizitaki. Nataka nyumba iwe tayari kwa dharura tu. Nianze na nini? (Mama, Tudor)

Bibie, anza na maji. Yetu hutoka mbali, chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, na bomba likipasuka mji mzima huhangaika. Watu watano, lita tatu kila mmoja za kunywa, ni 15 kwa siku: jerikeni moja ya lita 20 hiyo karibu yaisha. Weka tatu zenye vifuniko, ubadilishe maji mara kwa mara.

Halafu hati. Mafuriko ya Novemba 2023 yaliingia majumbani bila hodi. Kitu kimoja cha jeshi ningekushauri ununue: sanduku la chuma la risasi, tupu, lenye mpira chini ya kifuniko. Kabla ya kulipa, upapase mpira wote. Ukiwa umepasuka, maji yatapita. Nyumbani tia gazeti kavu ndani, funga, lizamishe kwenye beseni kwa saa nzima. Gazeti likitoka kavu, weka vyeti vya kuzaliwa na hatimiliki, kisha ulipake rangi nyingine juu ya yale maandishi ya jeshi.